VILIMA VYETU NA HAKI YA MWENYE KUVILIMA

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Pemba



Kamati ya tawi imetutaka tuseme machache juu ya kilimo cha kisiwa chetu. Asaa wakawapo watakaostaajabu kuwa watu wa mizani wamepewa kusema mbele ya watu wa majembe. Lakini duka nalo lina faida yake. Aliyekaa nyuma ya meza ya duka huona kinachotoka shamba, na huona kinachoingia chunguni, na sisi tumekaa hapo miaka ya kutosha kuona kuwa viwili hivyo vinazidi kuachana.

Tazameni mchele. Huu tunaoupima kila siku ni mapembe, umevuka bahari kutoka Asia, umelipiwa meli, bandari, ushuru na mchukuzi, na bado mtu mwenye bonde mbele ya nyumba na bonde nyuma ya nyumba huja kuununua kilo mbili mbili. Wala kisiwa hiki hakikuumbwa kwa kula cha kununua. Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira Al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na Wareno walipoijia pwani hii katika karne ya 16 walikikuta ndicho kinachoipelekea Mombasa mchele na wanyama wa kuchinja. Mombasa ilikula kwetu. Tunalisema hili si kwa kujisifu na waliokwisha kufa, bali ili asitokee mtu akatwambia kuwa ardhi yetu haiwezi.

Ardhi yetu ina tabia yake, na asiyeijua tabia hiyo huiharibu hata kwa nia njema. Ukitoka Mkoani ukapita Mtambile na Ngwachani, au ukienda pande za Mtambwe, huoni uwanda. Ni kilima, bonde, kilima, bonde, mfano wa jamvi lililokunjwa. Vilima vyenyewe si virefu, havifiki hata mita mia mbili, lakini ubavu wake umesimama, na mvua ya Pemba ni kali kuliko ya Unguja. Juu na ubavuni ndiko iliko mikarafuu, migomba, minazi na muhogo. Chini ndiko uliko mpunga, ambao kwa sehemu kubwa ni jembe la mama zetu. Upande wa mashariki, kama Micheweni, ni maweni, udongo ni haba na mambo ni mengine. Leo tunasema khasa juu ya vilima.

Basi kilima na bonde ni shamba moja, si mashamba mawili. Kinachoteremka juu hufika chini. Mkarafuu uliosimama huishika ardhi kwa mizizi na huivunjia mvua nguvu kwa majani. Mkarafuu ukifa ukakatwa kuni au mkaa, na pahala pake pakalimwa muhogo kwa matuta yanayoshuka na kilima, basi kila tuta limekuwa mfereji. Udongo mweusi wa juu, ambao ndio wenye chakula, huenda katika masika mbili tatu, na kinachobaki ni ule mwekundu usioota kitu ila kwa taabu. Udongo ule haukupotea. Umekwenda kuujaza mfereji wa bonde, na mpunga wa mama mmoja umefukiwa na mchanga wa kilima cha mwenziwe. Hapo hugombana watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyefanya kusudi.

Wenye vyeo wakija kusema juu ya jambo hili husema kuwa mkulima ni mvivu, au hana elimu, na dawa yake ni kumfundisha, na asipofundishika alazimishwe. Sisi twasema sivyo, na tutaleta ushahidi wa nje kwanza, kisha tutarudi nyumbani.

Katika milima ya Uluguru, huko Morogoro, serikali ya Kiingereza ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwalazimisha Waluguru kukata ngazi katika mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeukana. Lakini ngazi zile zilichimbwa kwa amri na kwa khofu ya faini, na katika ardhi yenye udongo mwembamba zilifukua ule wa chini usio na rutuba, hata mtu akavuna kidogo kuliko alivyokuwa akivuna kabla ya kusaidiwa. Mwaka 1955 watu wakainuka, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango wote ukavunjwa. Ngazi zikaachwa zikaporomoka, na neno lenyewe likawa chukizo kwa muda mrefu.

Sasa mtazameni Mkamba wa Machakos, katika Kenya. Miaka ya 1930 wataalamu wa Kiingereza waliandika kuwa nchi ile imekwisha, imebaki mawe na makorongo. Wakaamrisha ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu na wakawachukulia watu mifugo yao. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko mpaka serikali ikaacha kuwanyang'anya, ijapokuwa Muindi mwenyewe alikamatwa akahamishiwa Lamu, katika pwani hii hii yetu. Hapo napo matuta ya amri yalichimbwa na watu wakayachukia. Lakini mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1950 Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, baada ya uhuru njia za soko zilifunguka, mtu akapata kupeleka kahawa, matunda na mboga zake Nairobi, akaiona fedha mkononi mwake. Basi wale wale waliokataa matuta ya amri wakayachimba wenyewe kwa khiari, kwa namna waliyoichagua wao, ambayo huitwa fanya juu, kwa kuwa mchimbaji huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Wataalamu waliochungua nchi ile na kutoa kitabu mwaka 1994 walikuta kuwa watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu 1930, na juu ya hayo mmomonyoko umepungua na miti imezidi.

Milima ile na ile, jembe lile na lile. Kilichozidi ni kuwa aliyechimba alikuwa na yakini kuwa atakula matunda ya jasho lake. Hili ndilo neno letu la leo, na yote yanayofuata ni maelezo yake. Kilima hushikwa na mtu mwenye yakini. Hakishikwi na amri, wala hakishikwi na zawadi.

Turudi kwetu. Karafuu iliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Sayyid Said akahimiza ipandwe. Tufani ya mwaka 1872 iliifagia mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka katika vilima hivi. Mkarafuu si muhogo. Huanza kuzaa baada ya miaka sita hata minane, na ukitunzwa huishi kupita umri wa aliyeupanda. Kuupanda ni kuweka ahadi na mtu asiyezaliwa bado. Je, ni kitu gani mkulima wa Pemba amepewa ili aiamini ahadi hiyo?

Kwanza ardhi. Mashamba yalichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na yakagawiwa eka tatu tatu. Hatuingii hapa katika kesi ya nani alinyang'anywa na nani alipewa. Kila nyumba ina khabari yake, na umoja wa chama chetu ni wa thamani kuliko hesabu hizo. Twasema hili tu, kuwa aliyepewa alipewa kutumia, na ardhi yenyewe ikabaki kuwa ya Serikali. Yule aliyepewa amekufa, watoto wake saba wamezaa wajukuu thelathini, na wengi wao hawana karatasi yoyote ila kumbukumbu za wazee. Mtu wa namna hiyo atapanda muhogo, kwani muhogo hung'olewa kabla ya mwaka na nusu. Na ile mikarafuu iliyobaki mikononi mwa Serikali imekuwa ikikodishwa kwa msimu. Aliyekodi msimu mmoja hana habari na msimu wa pili. Hulivuta tawi kwa upembo mpaka livunjike, huchuma, huondoka. Wajuzi wa maradhi ya miti wametufundisha kuwa katika jeraha la tawi lililovunjika ndimo inamoingia kuvu inayoukausha mkarafuu kutoka juu kushuka chini. Hatumlaumu mchumaji. Mpeni mkarafuu kuwa wake muone kama atauvunja mkono.

Pili ni bei. Shirika la Biashara la Taifa lilipoundwa mwaka 1968, karafuu zilikuwa na mnunuzi mmoja tu kwa sheria. Katika miaka ya 1970 karafuu ilikuwa dhahabu ya dunia, Indonesia ikiinunua kwa ajili ya sigara zake, na aliyepanda mti akaonja sehemu ndogo tu ya bei ile. Katika miaka hiyo hiyo wazee wetu walikuwa wakipanga foleni kutafuta chakula. Kisha Indonesia ikajitosheleza kwa mikarafuu yake, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Bei ilipokuwa juu mkulima hakupata. Ilipoanguka alianguka nayo. Ikawa karafuu huteremka usiku kwenda Kenya kwa mashua, na mwenye shamba akawa mwizi wa mali yake mwenyewe. Nchi ikaunda hata Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kwa kumlinda mti asimkimbilie mnunuzi.

Na haki isemwe, maana sisi si watu wa kuficha lililo jema. Mwaka 2011, chini ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ambayo upinzani nao ulikuwamo ndani yake, bei ya mkulima ilipandishwa kwa kiasi kikubwa. Nini kilitokea? Magendo yalipungua, na mashamba yaliyokuwa msitu yakafyekwa. Hakuna aliyewahubiria watu uzalendo zaidi mwaka ule kuliko miaka ya nyuma. Walilipwa. Basi kama nusu ya haki ilizaa hayo, haki kamili ingezaa nini? Twataka bei itangazwe kabla ya msimu, pamoja na bei ya dunia ili kila mtu ajue alichokatwa na kimekwenda wapi; na twataka mkulima awe na mlango zaidi ya mmoja wa kuuzia. Shirika likinunua vizuri watu watalifuata kwa miguu yao wenyewe. Na faida inayopatikana katika kiwanda cha makonyo pale Wawi, ambako makonyo na majani yetu hukamuliwa mafuta, nayo irudi kwenye njia za mashamba, kwani konyo ni la mkulima vile vile.

Miche imekuwa ikigawiwa bure, maelfu kwa maelfu. Jema. Lakini mche wa mkarafuu ni mtoto mchanga. Miaka yake ya mwanzo wataka kivuli na maji ya kiangazi, na kilima hakina bomba. Mche wa bure katika ardhi ya shaka, kwa zao lenye mnunuzi mmoja, hupandwa siku ya picha na hufa kiangazi. Hapo tena huandikwa kuwa mkulima ni mvivu.

Liko jambo jingine ambalo ni letu sisi kwa sisi, wala Serikali haimo. Nalo ni kuuza karafuu zingali juu ya mti. Mtu ana harusi, ana mgonjwa, ana ada za skuli. Huja kwa mwenye fedha mwezi ambao mkarafuu haujatoa hata kichomozi, akauza mavuno yote kwa thamani ya robo yake. Wenye kukopesha hivi ni watu wa maduka kama sisi, twawajua na wanatujua, na leo wamekaa humu. Sote tulikaa chuoni, na tulisomeshwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri salama yake, kwa kuwa ikishuka afa juu ya matunda yale mnunuzi atakuwa ameila mali ya nduguye au muuzaji ameila, bila ya haki. Hili si jambo la kutafutiwa hila. Na lina madhara yake kwa udongo pia, maana aliyekwisha kuuza mavuno hapalilii, na aliyenunua hapalilii shamba la mtu. Tawi likiwa na mfuko wake, kila mwanachama akitia kidogo wakati wa mavuno, mtu ataweza kukopa karadha hasana ya kuvukia miezi mibaya bila ya kuuza mti mtupu.

Tusitegemee karafuu peke yake. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja kisha hupumzika, na msimu mkubwa huja kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Tumbo halina desturi hiyo. Chini ya mikarafuu na mifenesi hupanda vanila na pilipili manga bila ya kuifukua ardhi, na hilo kwa kilima ni neema. Vanila ina kazi ya mikono: ua lake hufunguka asubuhi na hunyauka siku ile ile, na kwa kuwa nyuki wa kwao Mexico hawako huku, lazima mtu alioze ua kwa kijiti. Aliyeigundua njia hiyo inayotumika duniani kote ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Mabwana wenye vitabu hawakuiona. Twawaomba vijana walikumbuke jina hilo watakapoambiwa kuwa elimu ya shamba hutoka ofisini. Lakini bei ya vanila nayo hupanda na kushuka vibaya sana; ilipaa mpaka 2018 kisha ikaporomoka, na waliong'oa mihogo yote wakapanda vanila walijuta. Ipandwe pembeni mwa chakula, isipandwe juu yake.

Ama tungule, bamia, bilingani na mchicha, hoteli za Unguja hupokea mboga nyingi kutoka bara, hali sisi tuko safari ya usiku mmoja tu. Tatizo la tungule za mlimani ni kushuka. Hubebwa kichwani katika pakacha mpaka njia ya gari, zikikosa gari siku ile zimeharibika nusu, na zilizobaki mnunuzi huzitazama kwa jicho la huruma. Njia ya mlimani inayopitika masika ina thamani kuliko semina kumi.

Sasa tuseme lililo mikononi mwetu, maana udongo haungojei uchaguzi. Masika ikifika utateremka, awe madarakani huyu au yule. Kamati imekubali kuwa tuanze katika mashamba ya wanachama wanaotaka wenyewe, na asiyetaka asisumbuliwe, hata kwa maneno.

Chombo chenyewe ni rakhisi. Chukueni fito mbili zilizonyooka, zizidi kidogo urefu wa mtu, zifungwe juu zipanuliwe miguu; ubavuni mtie ufito wa tatu kwa kukingama, na kileleni mfunge uzi wenye jiwe. Simamisheni, tieni alama uzi unapogusa ufito wa kukingama. Geuzeni, mguu wa kulia ukae pahala pa ule wa kushoto, tieni alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo pa usawa. Kisha mtembee nacho ubavuni mwa kilima, mguu baada ya mguu, mkichomeka kijiti kila uzi unapokaa sawa, na mtaona mstari unakizunguka kilima kama mshipi. Juu ya mstari huo ndipo pa kupanda mananasi au mchaichai kwa kubanana, safu mbili, ili vishike udongo na vilete fedha. Matuta ya muhogo yafuate mstari huo, yasishuke. Tusichimbe mitaro mikubwa kama ya Machakos, kwani mvua yetu ni nyingi mno kuliko yao. Mtaro ukijaa ukapasuka huvunja kilima kuliko kama usingekuwapo. Pahala maji yalipojizoesha kupita paachwe majani, pasilimwe kabisa.

Tutaanza na kilima kilicho juu ya bonde linalolimwa na mama zetu, kwa kuwa ndiko mchanga unakoteremka zaidi, na wenye kilima na wenye bonde wamekwisha kukaa pamoja wakaridhiana. Tutakutana Jumapili baada ya sala ya alfajiri. Fito zipo. Wenye vikonyo vya mananasi wavilete kwa pakacha, wenye mapanga waje na mapanga, na uzi na misumari tutatoa sisi dukani.